Ukiona Damu, Usiuweke Mswaki Chini

Mama mdogo alitema mate mchangani, akayafukia haraka kwa unyayo, lakini nilikuwa nimeshayaona. Yalikuwa mekundu. Ilikuwa asubuhi, kijijini Mnyambe, kwenye uwanda wa Makonde, jua bado halijavuka vichwa vya mikorosho. Mkono mmoja ulishika kikombe cha bati chenye maji nusu, wa pili kijiti alichokuwa amekitafuna ncha mpaka kikatoa nyuzi.

"Mama, hiyo damu imeanza lini?"

"Hiyo ya siku nyingi, mwanangu. Ndiyo maana upande huu siugusi kabisa. Nikiugusa tu, unatoa damu."

Makala haya nimeyaandika kwa sababu ya jibu hilo. Nimelisikia Newala mjini, nimelisikia sokoni Masasi, na nimelisikia Dar es Salaam kutoka kwa watu wenye shahada zao ukutani. Panapotoka damu pasiguswe. Ni neno linaloonekana kuwa na busara ndani yake, kwa kuwa hakuna mtu anayesugua kidonda. Mguu ukichubuka tunaupumzisha, mkono ukiungua tunaukinga. Lakini ufizi una sheria nyingine. Mara nyingi unatoa damu kwa sababu umekaa muda mrefu bila kusafishwa, na kadiri unavyohurumiwa ndivyo ugonjwa unavyoweza kushuka chini zaidi, kuelekea kwenye mfupa unaoshika jino.

Tuanze na kile kinachoota pale. Meno yakishasafishwa, haichukui muda mate kuyapaka utando mwembamba usioonekana. Bakteria wa kinywani hujishikiza kwenye utando huo, huzaliana, na baada ya saa kadhaa wanakuwa wameshajenga makazi. Ule utelezi unaougusa kwa ulimi asubuhi kabla hujapiga mswaki ndio huo. Wataalamu wa meno nchini wanauita ukoga. Ukoga hupenda mahali pawili: pale jino linapoingia kwenye ufizi, na katikati ya jino na jino, ambako ulimi na shavu haviwezi kufuta. Mwili ukihisi sumu ya bakteria hao, hupeleka damu nyingi kwenye ukingo wa ufizi ili kupigana nao. Vimishipa vinapanuka, ngozi ya juu inakuwa laini na dhaifu, na hapo hata ganda la muhogo wa kuchoma likipita linatosha kuitoa damu. Mswaki unaonyesha tu vita vilivyokuwa vimeanza kabla haujafika.

Jambo hili lilithibitishwa kwa njia rahisi ambayo ningependa kila mwalimu wa shule ya msingi aijue. Mwaka 1965 Harald Löe, mtaalamu wa meno kutoka Norway aliyekuwa akifanya kazi Aarhus, Denmark, pamoja na wenzake, walichukua watu 12 wenye vinywa vizima wakawaomba waache kabisa kusafisha meno. Basi, hakuna kingine. Hawakupewa dawa, hawakubadilishiwa chakula. Kati ya siku ya 10 na ya 21 wote 12 walikuwa na fizi zilizovimba. Kisha wakarudishiwa miswaki yao, na kwa muda wa wiki moja hivi fizi zikarudi kuwa nzima. Yaani zile zile zilizokuwa nyekundu na laini zilitibiwa kwa kusuguliwa. Mama mdogo nilipomsimulia, alinyamaza kidogo, akauliza kama hao watu walilipwa.

Hatua hiyo ya kwanza, ya ufizi kuvimba na kutoa damu, inarudi nyuma yote bila kuacha alama. Hilo ndilo linalonifanya niandike kwa msisitizo. Hatua ya pili hairudi. Uvimbe ukikaa miezi na miaka, kwa baadhi ya watu unaanza kula nyuzi zinazofunga jino kwenye mfupa, na mfupa wenyewe. Ufizi unaachana na jino na kufanya kifuko. Tabibu hukipima kwa kijiti chembamba cha chuma chenye alama za milimita: moja hadi tatu ni kawaida, nne na kuendelea ni dalili kwamba ufizi umeanza kuachia. Humo ndani mswaki haufiki. Mfupa ukishaliwa hauoti tena kwa kupiga mswaki. Matibabu yanaweza kuuzuia ugonjwa usiendelee, na wagonjwa wengi wanabaki na meno yao miaka mingi, ila kilichokwisha kuliwa huwa kimekwenda.

Na haya yote hutokea bila maumivu. Jino lililotoboka humlaza mtu macho. Ugonjwa wa fizi hukaa kimya, huku mtu akilima, akiozesha mabinti, akicheza ngoma, mpaka siku moja anauma hindi la kuchoma na jino linasogea. Ndipo anapokwenda hospitali, na jibu analolipata huwa ni koleo.

Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2022 kuhusu afya ya kinywa, lilikadiria kwamba zaidi ya watu bilioni moja duniani wana ugonjwa wa fizi uliofikia hatua kali. Ni idadi ya kutisha, lakini kwetu hapa kuna habari ya kutia moyo ambayo haisemwi vya kutosha. Mwaka 1986 Vibeke Baelum na wenzake Ole Fejerskov na Thorkild Karring walichapisha uchunguzi wao wa vinywa vya watu wazima wa Tanzania. Walikuta ukoga na ugaga, yaani ukoga ulioganda, karibu katika kila kinywa, na fizi zinazotoa damu kwa wingi. Lakini uharibifu mkubwa wa mfupa ulikuwa umerundikana kwa watu wachache. Wengi walikuwa bado na meno yao karibu yote. Maana yake ni kwamba Mtanzania wa kijijini hakuandikiwa kuzeeka kibogoyo. Wale wachache ndio wanaopaswa kupatikana mapema, na wanapatikana kwa kuangaliwa, kwa sababu wao wenyewe hawasikii maumivu yoyote.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa shahidi wa hilo. Alivaa ndonya, kile kibao cha mviringo kwenye mdomo wa juu ambacho kwa wanawake wa Kimakonde wa rika lake kilikuwa pambo na heshima. Karl Weule, Mjerumani wa Leipzig aliyepita Masasi na Newala mwaka 1906, alishangazwa sana na pambo hilo na akaliandika kwa urefu. Mimi ninachokumbuka ni jinsi bibi alivyokuwa akikiosha kibao chake jioni, kisha anasafisha meno yake taratibu, moja baada ya jingine, kama mtu anayehesabu fedha. Ndonya ilikuwa imeusukuma ufizi wa meno ya mbele ya juu mpaka mizizi ikaonekana, mirefu na ya rangi ya njano. Lakini haukuwahi kutoa damu, na meno hayakulegea. Nikiwa mtu mzima ndipo nilipoelewa tofauti. Ufizi uliopanda kwa kusukumwa na kitu, au kwa kusuguliwa kwa nguvu nyingi, ni jambo moja. Ufizi uliovimba kwa ukoga ni jambo jingine. Huo wa pili ndio unaong'oa meno.

Hapa niseme neno kuhusu rangi, maana limewasumbua wengi. Vitabu vingi vya meno vimeandikwa na watu wenye ngozi nyeupe, navyo husema ufizi mzima una rangi ya waridi. Msichana mmoja wa Masasi aliniambia alikuwa akiogopa kucheka tangu aliposoma hivyo, kwa kuwa fizi zake ni nyeusi. Fizi nyeusi, za kahawia, au zenye mabaka meusi ni rangi tu, ile ile inayoipa ngozi yetu weusi wake, na hakuna dawa ya kuitibu kwa sababu hakuna ugonjwa. Cha kutazama ni ukingo. Ufizi mzima umebana jino kama ukanda, umechongoka katikati ya meno, na ukiutazama kwenye mwanga una vitundu vidogo kama ganda la chungwa. Ulio mgonjwa umevimba, umekuwa wa duara, unang'aa kama umepakwa mafuta, na ukiupitishia kijiti unatoa damu. Pengine na harufu ya mdomo isiyoondoka hata ukitafuna peremende mfuko mzima.

Mvutaji wa sigara awe mwangalifu zaidi, kwa kuwa tumbaku hubana vimishipa vya ufizi. Damu haitoki, mtu anajiona mzima, kumbe mfupa unaliwa kwa kasi kuliko wa jirani yake asiyevuta.

Nimetaja ugaga. Ukoga usipoondolewa kwa siku kadhaa, madini yaliyomo kwenye mate huanza kuugandisha, kama vile maji ya chumvi yanavyoacha ganda ndani ya birika. Huo ndio ugaga. Hauondoki kwa mswaki, hauondoki kwa mkaa, hauondoki kwa limau. Wangu niliuona kwa macho yangu. Nililala kwenye kiti cha tabibu wa meno, taa usoni, na tabibu, kijana mpole mwenye vidole vyembamba, akaingiza kioo kidogo cha mviringo nyuma ya meno yangu ya mbele ya chini. "Pale chini ya ulimi ndipo mate yanapomwagikia," alisema, "kwa hiyo hapo ndipo ugaga unapopenda." Alishika kifaa cha chuma chenye ncha iliyopinda kama mundu, akakiweka chini kabisa ya ganda, akavuta. Nikasikia mkwaruzo ndani ya fuvu. Kisha kitu kikaanguka kwenye kibeseni cha chuma, tik. Kilikuwa kipande cha ukubwa wa punje ya mchele, cha rangi ya chai iliyochacha, upande mmoja laini kwa sababu ulikuwa umelala kwenye jino, upande wa pili una mashimo mashimo kama jiwe la matumbawe. Nilikishika kwa vidole. Kilikuwa kigumu. Nilikuwa nimekibeba mdomoni miaka mingapi sijui, nikizungumza na watu, nikiwabusu wanangu.

Ndani ya mashimo yale bakteria hujibanza. Ndiyo sababu ufizi haulali mpaka ugaga umekwanguliwa, na ndiyo sababu vidonge peke yake havitoshi. Hili ni la kusemwa kwa sauti, kwa kuwa njia ya mkato tuliyoizoea ni duka la dawa. Ufizi ukivimba, mtu ananunua vidonge vya amoksilini au metronidazoli, anameza siku mbili, uvimbe unashuka, anaweka vinavyobaki kabatini. Baada ya miezi miwili umerudi. Ni sawa na kupulizia dawa ya mbu chumbani huku dimbwi liko chini ya dirisha. Zipo hali ambazo daktari wa kinywa na meno ataandika dawa hizo, kwa mfano jipu limetunga usaha na mtu ana homa, au ufizi unaoza kwa kasi. Lakini ziwe zimeandikwa naye, na zimalizwe. Bakteria wakizoea dawa kwa njia hii, huenda dawa hizo zikashindwa siku mtoto atakapougua kweli.

Upo uvumi mwingine, nao una nguvu sana uwanda huu: kwamba kusafishwa meno hospitali kunayalegeza. Mama mdogo alikuwa nao. "Jirani yangu alikwenda, wakamkwangua, akarudi meno yanacheza." Sikumbishia, kwa sababu jirani yake hakusema uongo. Kwa mtu ambaye mfupa umeshaliwa, ugaga mwingi huwa umeyashikamanisha meno kama saruji. Ukiondolewa, meno yanaonyesha hali yake halisi: nafasi zinaonekana, baridi inapenya, na yaliyokuwa yamelegea yanacheza. Ufizi ukishapona unabana tena, na mara nyingi mchezo unapungua baada ya wiki chache. Tatizo ni kwamba mgonjwa haambiwi haya kabla. Anatoka chumbani akidhani ameharibiwa, na kijiji kizima kinasikia.

Nina uchungu wangu hapa. Baba yangu mkubwa aling'olewa meno manne kwa siku moja katika hospitali moja, miaka mingi iliyopita. Hakuna aliyejiuliza kwa nini meno ya mtu asiyefikia miaka 50 yamelegea yote kwa pamoja. Alirudi nyumbani na pamba mdomoni. Baada ya mwaka mmoja na zaidi, alipoanza kukonda na kwenda haja ndogo kila saa, ndipo ilipogundulika ana kisukari. Kisukari na fizi hushikana mikono. Sukari ikiwa juu, mwili unashindwa kupigana na bakteria wa ufizi. Na ufizi ukiwa mgonjwa, sukari inakuwa ngumu kushuka. Tafiti zimeonyesha kwamba fizi za mgonjwa wa kisukari zikitibiwa, kipimo chake cha sukari ya miezi mitatu hushuka kidogo. Kwa hiyo mtu mzima ambaye fizi zake zimeharibika ghafla, apimwe sukari. Ni tone moja la damu kidoleni.

Wajawazito nao fizi zao huvimba kwa urahisi kwa sababu ya homoni, hata kwa ukoga mdogo. Si kweli kwamba mtoto aliye tumboni anachukua madini kwenye meno ya mama, na si kweli kwamba mjamzito haruhusiwi kutibiwa meno. Kukwangua ugaga wakati wa mimba ni salama. Amwambie tu mtaalamu kwamba ni mjamzito. Baadhi ya dawa pia hukuza ufizi mpaka ukafunika meno nusu: fenitoini ya kifafa, nifedipini ya shinikizo la damu na nyingine za jamii yake. Anayezitumia asiziache kwa shauri lake; azungumze na daktari, na apige mswaki kwa bidii zaidi ya wengine.

Sasa, maji. Huwezi kuandika habari ya usafi wowote kwenye uwanda wa Makonde bila kuandika habari ya maji. Udongo wetu wa kichanga unayameza. Mvua inanyesha, inazama, inatokea chini kabisa mabondeni, na watu wamejenga juu. Mama mdogo alikulia katika kushuka bonde na mtungi kichwani na kupanda nao, safari ya nusu siku. Miaka ya 1950 ndipo mradi wa maji wa Makonde ulipoanza kuyasukuma kutoka visima vya Mitema, kule Kitangari, kuyaleta juu kwa mabomba, na hata hivyo mtu wa rika lake hawezi kuona bomba linamwagika bure akapita. Watoto wake wanamcheka anavyosukutua kwa funda moja tu.

Lakini kwa meno, funda moja linatosha. Hata nusu yake. Lowesha mswaki, weka dawa ya meno yenye madini ya floraidi kiasi cha punje ya njegere (kwa mtoto ambaye hajafika miaka 3, punje ya mchele), piga mswaki, kisha tema. Tema tu, usisukutue kwa maji mengi, maana yanaiondoa floraidi iliyotakiwa ibaki ikikinga meno yasioze. Wataalamu wengi siku hizi ndivyo wanavyoshauri. Mama mdogo, kwa ubahili wake wa maji aliofundishwa na bonde, alikuwa amewatangulia.

Alichokosa ni mahali pa kupitisha. Nilimwomba anionyeshe. Kijiti chake kilikuwa kizuri, nyuzi zake laini, na meno yake ya mbele kwa nje yalikuwa safi kuliko yangu. Kijiti kinachotumika vizuri kinasafisha. Shirika la Afya Duniani limekubali matumizi yake pale watu walipokizoea. Lakini yeye alikipitisha nje tu, kulia kushoto, kama mtu anayefuta meza. Upande wa ndani, unaotazama ulimi, haukuguswa. Magego hayakuguswa. Na ule upande wenye damu, wa kushoto chini, ulikuwa umeachwa mwaka mzima au zaidi. Nilipomulika kwa simu nikaona ugaga umepanda kwenye meno kama chokaa kwenye ukuta wa kisima.

Nikamtolea mswaki mpya, laini. Mgumu hausafishi zaidi. Unachimba tu mzizi. Ndivyo ilivyo pia kwa mkaa uliotwangwa na mchanga, vinavyong'arisha kwa kukwangua. Nikamwonyesha kuulaza kwa mshazari, nyuzi ziingie pale jino linapokutana na ufizi, kisha kuutikisa taratibu hapo hapo, meno mawili mawili, nje, ndani, juu, dakika mbili kamili. Asubuhi mara moja, na usiku kabla ya kulala, na huo wa usiku ndio usiorukwa, kwa sababu ukilala mate hupungua na bakteria hubaki na kinywa peke yao. Katikati ya meno uzi, au kijiti chembamba kinachopitishwa bila kuchokonoa ufizi.

Akasugua ule upande wa kushoto. Damu ikajaa. Akautazama mswaki, akanitazama mimi.

"Endelea, mama."

Mkulima wa korosho hahitaji kufundishwa jambo hili mara mbili, na mimi nilimwambia kwa lugha hiyo. Mikorosho inapoanza kutoa maua, hatungoji ugonjwa wa ubwiri unga uyakaushe ndipo twende kutafuta salfa. Tunapuliza mapema, tunarudia, na msimu mzima tunatazama maua. Anayengoja mpaka maua yamekuwa meusi hana cha kupeleka mnadani. Alicheka. Alisema, "Kumbe mdomo nao una salfa yake."

Na mabibo? Aliuliza mwenyewe, kwa kuwa alishasikia kwamba vitamini C inatibu fizi. Bibo lina vitamini C mara kadhaa zaidi ya chungwa, na inasikitisha kwamba msimu ukifika mengi yanaoza chini ya miti au yanaishia kwenye pombe za uraka na nipa. Mtu akikosa vitamini hiyo kwa miezi, fizi huvimba na kuvuja damu. Mabaharia wa zamani walikufa kwa hali hiyo. Kula bibo, kula embe, kula mboga za majani. Lakini ukoga haujali vitamini. Anayekula mabibo kumi kwa siku bila kusafisha meno ataendelea kutema damu.

Kitu kimoja hakingoji mswaki wala msimu wa korosho. Mtoto aliyedhoofika, pengine ametoka kuugua surua, akianza kunuka mdomo vibaya, ufizi ukawa na kidonda cha kijivu na shavu likavimba, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Huenda ni noma, ugonjwa unaokula uso wa mtoto kwa siku chache, na ambao Shirika la Afya Duniani liliuingiza kwenye orodha yake ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika Desemba 2023. Ukiwahiwa unatibika kwa dawa za kawaida na lishe. Na mtu mzima mwenye kidonda kinywani kisichopona wiki mbili, hata kama hakiumi, naye aende akaangaliwe.

Mama mdogo alikuwa amesema atakwenda kwa tabibu wa meno akishauza korosho. Kila kitu kwetu hungoja korosho: bati, ada, harusi, hata upasuaji. Nilikaa naye siku tisa na sikungoja. Siku ya nne damu ilipungua. Siku ya saba ilibaki kwenye magego mawili tu. Siku ya tisa tulipanda bodaboda mbili, tukaenda.

Tabibu alimkwangua kwa ganzi, upande mmoja siku hiyo, wa pili wiki iliyofuata. Kabla hajaanza nilimwomba amweleze kwamba meno yatacheza kidogo na baridi itapenya, akamweleza vizuri, kwa upole, akimwita mama. Jino moja la mbele la chini halikuokoka. Lilikuwa limebaki limeshikwa na ugaga na mazoea. Mama mdogo aliliomba, akalifunga kwenye ncha ya khanga.

Njiani kurudi alinyamaza mpaka tulipofika karibu na nyumbani. Nilimwona shavu likisogea sogea, nikadhani ganzi inamsumbua. Alikuwa anahesabu kwa ulimi.

"Ishirini na tatu," alisema.